Mikunjo ya kanga kwenye picha za mauzo si ya kanga inayouzwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nijibu malalamiko ya dada mmoja yaliyochapishwa wiki mbili zilizopita. Dada huyo alieleza jinsi alivyoagiza doti tatu za kanga kwa kutazama picha kwenye simu, akatuma pesa, na mzigo ulipomfikia akaona kwamba alichokishika mkononi hakifanani na alichokiona. Alihitimisha kwamba picha zile zilitengenezwa na akili mnemba, akaiomba Serikali izipige marufuku. Nampa pole kwa hasara aliyoipata. Hata hivyo, kwa maelezo aliyoyatoa mwenyewe, nina karibu hakika kwamba akili mnemba haikuhusika, na kwamba kilichotumika ni chombo cha zamani zaidi na cha kawaida zaidi, ambacho mimi mwenyewe nimekitumia kwa zaidi ya miaka kumi katika kibanda changu cha kutengeneza picha na mabango hapa Kariakoo. Naandika ili mshtakiwa asiyehusika aachiwe, na wanaohusika, yaani mimi na mafundi wenzangu, tusimame tujieleze.

Kilichonishtua ni sentensi moja tu ya barua yake, pale aliposema kwamba aliiamini picha kwa sababu maua ya kanga yalifuata mikunjo na jina lilipinda vizuri pale nyongani. Mtu asiye wa fani huona hapo ushahidi kwamba mwanamke yule kweli alijifunga kanga ile. Mimi niliona kazi ya ramani ya kusogeza, yaani picha ya kijivu inayoiongoza kompyuta kuipinda picha nyingine, na nikajiuliza kama picha yenyewe haikutoka kwenye kompyuta yangu.

Nieleze kwanza tunavyofika hapo. Muuzaji wa jumla akifungua robota anakuta miundo mingi, na kila muundo una rangi tatu au nne, na wateja wake wa mikoani wanataka kuona picha jioni hiyohiyo kabla mwenzake wa duka la pili hajawatumia zake. Kumwita mwanamitindo, mpiga picha na msusi kwa kila kanga kungekula faida yote. Kwa hiyo tunampiga binti mmoja picha siku moja tu, akiwa amejifunga kitambaa cheupe kisicho na nakshi, na picha hiyo tunaitunza. Kanga mpya ikija tunaitandika mezani, tunaipiga kutokea juu, kisha tunaivalisha ile picha ya zamani kwa kompyuta. Ninayo picha moja ya mwaka 2016 ambayo imeshavishwa kanga zaidi ya mia mbili. Yule binti sasa ni mama wa watoto wawili, lakini kwenye simu za wateja, hadi mwezi uliopita, alikuwa bado anajifunga kanga mpya kila wiki.

Ukiilaza kanga juu ya picha ile bila kufanya jambo jingine, itaonekana kama karatasi iliyobandikwa ukutani, kwa sababu mistari ya pindo itabaki imenyooka kama rula hata pale kiuno kinapoingia ndani na goti linapochomoza. Hapo ndipo ramani ya kusogeza inapohitajika. Katika Photoshop, programu ya kurekebisha picha, kichujio chake kinaitwa Displace, na kimekuwamo tangu miaka ya 1990. GIMP, programu ya bure iliyotoka mwaka 1996, inacho pia. Akili mnemba zinazochora picha kwa kuelezwa maneno ziliwafikia watu wengi mwaka 2022, wakati sisi tulikwisha kuvisha kanga picha kwa miaka mingi.

Ramani yenyewe ni nakala ya picha ileile ya kitambaa cheupe, iliyoondolewa rangi ikabaki vivuli vya kijivu. Kompyuta hukipa kijivu cha kila pikseli, yaani kila nukta ndogo ya picha, namba, kuanzia 0 ambayo ni nyeusi tii hadi 255 ambayo ni nyeupe pepepe, na 128, kijivu cha katikati, ni amri ya kubaki pale pale. Penye giza kuliko hapo, nukta ya kanga inasogezwa upande mmoja. Penye mwanga kuliko hapo, inasogezwa upande wa pili. Na kadiri namba inavyokuwa mbali na 128 ndivyo nukta inavyosogezwa mbali zaidi. Kwa kuwa bonde la mkunjo kwa kawaida lina giza na mgongo wake una mwanga, mstari wa pindo uliokuwa umenyooka unajipinda ukivuka mkunjo, na jicho la mtazamaji linasema: hiki ni kitambaa.

Fundi huamua ukubwa wa msogeo kwa namba mbili, moja ya mlalo na moja ya wima. Katika Photoshop, akiweka 100, msogeo mkubwa kabisa ni pikseli 128. Akiweka 10, hauzidi pikseli 13. Ramani ikiwa na chaneli moja ya kijivu, yaani seti moja tu ya namba hizo, nukta zote husogea kimshazari kwa uwiano wa namba zile mbili; ikiwa na zaidi ya moja, chaneli ya kwanza huongoza mlalo na ya pili huongoza wima. Msogeo huo unahesabiwa kwa pikseli, haujali picha ina ukubwa gani, ndiyo maana kijana anayejifunza hushangaa kuona namba iliyompendeza kwenye picha ndogo ya WhatsApp haileti mabadiliko yoyote ya maana kwenye picha ya bango.

Naomba msomaji alishike jambo moja hapa, kwa kuwa nitalirudia. Programu haijui nyonga, haijui goti, haijui pamba wala mkunjo. Inachokijua ni giza na mwanga. Kivuli cha mkoba kikiangukia kitambaa cheupe siku ya kupiga picha, kanga zote zitakazovishwa picha ile zitajipinda pale penye kivuli, kana kwamba pana mkunjo. Wenzetu wa filamu za kompyuta wana chombo cha jina hilohilo, alichokieleza Robert Cook wa Lucasfilm, kampuni ya filamu ya Marekani, mwaka 1984, nacho huuinua uso wenyewe wa kitu hata sehemu moja ikaificha nyingine. Chetu cha picha bapa ni mdogo wake wa mbali: kinatelezesha nukta tu, basi.

Nilijifunza tabia ya chombo hiki kwa aibu. Mwaka 2014 mfanyabiashara mmoja aliniletea kanga ya rangi ya machungwa yenye jina WEMA HAUOZI, akitaka picha kabla ya sala ya Ijumaa. Kwa haraka niliyokuwa nayo sikuitia ramani ukungu, na nikaweka namba 40 ili mikunjo ionekane sawasawa. Picha ikasambaa kwenye makundi ya wateja. Haikupita saa moja, simu yangu ikaita, na badala ya salamu nikaulizwa, "Fundi, Wema ni nani, na kwa nini hauzi?" Nilipoikuza picha nikakuta mkunjo mmoja mkali wa pajani umeimeza O yote, na kanga inasomeka WEMA HAUZI, kana kwamba kuna mwanamke aitwaye Wema aliyeamua kufunga duka, tena katika tangazo la mauzo. Upande wa pili wa mkunjo huohuo, Z ilikuwa imevutika ikawa ndefu kama chatu aliyeshiba.

Sababu yake ni rahisi ukishaielewa. Giza na mwanga vikikutana ghafla kwenye ukingo mkali, nukta mbili zinazopakana kwenye picha ya mwisho hutumwa kuchukua rangi mahali palipo mbali mbali, na kilichokuwa katikati ya mahali hapo hakichukuliwi na yeyote. Kwenye ukingo wa kinyume, nukta nyingi huchukua rangi mahali pamoja, na herufi inavutika au inajirudia. Dawa yake ni kuitia ramani ukungu wa pikseli chache ili giza lipande kuelekea mwanga taratibu, na kuipunguza namba hadi kumi au pungufu. Tangu siku ile hakuna kanga inayotoka kwangu kabla sijalisoma jina lake kwa sauti, herufi kwa herufi, nao vijana ninaowafundisha hucheka mpaka yawakute.

Kusogeza peke yake hakutoshi, kwa kuwa kanga iliyopinda bila kivuli huonekana kama kanga iliyochapwa vibaya kiwandani. Kwa hiyo tabaka la kanga huwekwa juu ya kitambaa cheupe kwa njia ya kuzidisha, ambapo programu huchukua namba ya rangi ya juu, ikaizidisha kwa namba ya kitambaa cha chini na kugawanya kwa 255. Hapo vivuli vya chini vinapenya na kazi inapendeza. Lakini tazama kinachoipata rangi. Wekundu wenye namba 230 ukilazwa juu ya kitambaa ambacho macho yanakiita cheupe, kumbe kwa kompyuta ni 200, unashuka hadi 180. Chungwa inasogea kuelekea kahawia, na nyekundu inakuwa kama damu ya mzee. Fundi mwangalifu hukiangaza kitambaa cha chini kwanza. Fundi mwenye kanga kumi na tano za kumaliza kabla umeme haujakatika hakiangazi, na dada yetu aliyeandika kwamba rangi ilikuja imekolea tofauti huenda alikutana na huyo wa pili.

Rangi, hata hivyo, si kiini cha malalamiko yake. Ukiisoma barua yake kwa makini utaona kwamba hakusema muundo ulikuwa mwingine, wala jina lilikuwa lingine. Alisema kanga iliyokuja haikukaa kama ile ya kwenye picha. Na hapo ana haki kabisa, ingawa mshtakiwa wake amemkosea.

Kitambaa cheupe kilichomo kwenye picha yangu ya mwaka 2016 kilikuwa shuka. Lilikuwa shuka la pamba la nyumbani kwangu, lililofuliwa kwa miaka, laini kama ngozi ya sikio, na nililichagua kwa sababu lililala vizuri mwilini mwa yule binti, likashuka kwa mikunjo mirefu yenye vivuli vizuri ambavyo ramani inavipenda. Kila kanga niliyoivisha picha ile imeazima mikunjo ya shuka lile. Kanga mpya yenye wanga wa kiwandani, ambayo ukiikunjua inasimama yenyewe, kwenye picha inalala kama shuka. Kanga nyepesi ya bei ya chini, ambayo ukiinyanyua kuelekea dirishani unaona kiganja chako, nayo inalala kama shuka. Nimewahi hata kuletewa kitambaa cha poliesta chenye nakshi za kanga, nacho kikalala kama shuka la pamba. Muundo ni wa kweli, jina ni la kweli, binti ni wa kweli. Mikunjo ni ya kitambaa kingine, na mnunuzi wa kanga, bila mwenyewe kujua, anapima kitambaa kwa mikunjo yake. Mikunjo humwambia uzito, ulaini, na kama kanga itamganda mwilini au itamkaa kwa heshima.

Aliyenifumbua macho ni mama mmoja wa makamo aliyekuja kibandani mwaka jana akiwa na kanga mkononi na simu mkononi, baada ya muuzaji kumwambia kwamba picha ametengeneza fundi fulani. Hakugomba. Aliitandika kanga juu ya kibodi yangu, akaiweka simu pembeni, akaniuliza, "Mwanangu, hii ya kwenye simu imelala. Hii niliyoletewa imesimama. Ni kanga moja hii?" Nikamjibu, "Ni moja, mama, ila mpya ina wanga, ukiifua mara mbili tatu italala." Akaipapasa pindo, akaniambia, "Mimi nimezifua kanga tangu mama yako hajakuzaa. Hii nikiifua itakuwa chachi." Nami nilijua anasema kweli, maana nilikuwa nimeishika kanga ile mwenyewe siku ya kuipiga picha na nikahisi wepesi wake vidoleni, lakini picha niliyoitoa haikuonyesha hata chembe ya wepesi huo.

Kuna na jambo la hesabu ambalo nililifikiri baada ya mama yule kuondoka. Kanga ina upana wa kama sentimita 150. Ikiwa nimeipiga picha ya pikseli 3,000 kwa upana huo, kila sentimita ina pikseli 20. Msogeo wa pikseli 13, ule wa namba 10, ni chini ya sentimita moja. Mkunjo wa kweli wenye kina cha sentimita tatu huficha kama sentimita sita za kitambaa ndani yake, na ua zima linaweza kupotelea humo. Ramani ya kusogeza haifichi kitu, isipokuwa kwa ajali kama ile ya O. Matokeo yake ni kwamba kanga ya kwenye picha huonyesha maua mengi kuliko yatakayoonekana mtu akijifunga, na jina lote linasomeka mbele, kutoka herufi ya kwanza hadi ya mwisho, jambo ambalo kila mwanamke anayejifunga kanga anajua ni nadra, kwani nusu ya jina huzungukia nyuma.

Ndiyo maana naona si jambo dogo kuilaumu akili mnemba mahali isipokuwapo. Watu wameshafundishana dalili zake: hesabu vidole, tazama meno, tazama masikio. Mnunuzi akizikagua picha zetu kwa dalili hizo atakuta vidole vitano, meno ya kawaida na hereni mbili zinazofanana, kwa sababu binti alipigwa picha kweli na kamera, na ataridhika kwamba kila kilichomo ni kweli. Dalili za kazi yetu ziko kwingine. Fungua ukurasa wa muuzaji mmoja, uchukue picha mbili za kanga tofauti zenye binti yuleyule, uzitazame kwa zamu mkunjo kwa mkunjo. Kama mkunjo wa pajani uko palepale, kivuli cha mkono kiko palepale, na ncha ya fundo imeelekea palepale, basi kanga zote mbili hazijawahi kugusa mwili wake. Hakuna mwanamke duniani aliyejifunga kanga mara mbili ikakunjika sawasawa. Tazama pia ukingo wa chini, pale pindo linapoishia: mara nyingi kwetu pindo hukatwa na mwisho wa lile shuka badala ya kwisha lenyewe, kwa hiyo upande mmoja ni pana na upande mwingine ni jembamba. Na pale mkunjo unapoingia ndani kabisa, angalia kama ua limekatika. Likiwa limepinda tu bila kukatika, hapo tumepita sisi.

Kuhusu ombi lake la marufuku, siliungi mkono, na silisemi hili kwa kulinda mkate wangu pekee. Chombo hikihiki ndicho tunachokitumia kumwonyesha mteja fulana za harusi au kofia za timu ya mtaa kabla hazijachapwa, na hapo hakuna anayedanganywa, kwa sababu kila mtu anajua kwamba fulana bado haipo. Wenzetu waliotunga sheria wameangalia zaidi mwili: Ufaransa, tangu Oktoba 2017, picha ya biashara ambayo mwili wa mwanamitindo umepunguzwa au kuongezwa kwa kompyuta lazima iandikwe kwamba imerekebishwa, na Norway ilianza kudai alama kwenye matangazo ya namna hiyo Julai 2022. Kazi ya kupunguza kiuno, nayo, ni ya kusogeza nukta vilevile, tofauti yake ni kwamba fundi anazisogeza kwa brashi badala ya ramani. Kitambaa sijaona kikitajwa katika sheria hizo. Hapa kwetu Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kumpotosha mlaji katika biashara, na kwa maoni yangu picha inayokipa kitambaa chepesi mikunjo ya kitambaa kizito inaingia humo bila kuhitaji sheria mpya, ila anayelalamika anapaswa ajue alalamikie nini. Akisema "picha ni ya akili mnemba", muuzaji atamleta binti wa kwenye picha akiwa hai, na shauri litaishia hapo.

Ninaloliomba kwa wauzaji ni dogo. Pamoja na picha ya binti, wekeni picha ya kanga yenyewe ikiwa imetandikwa yote, mapindo manne yakionekana na mji wake katikati, na mkono wa mtu juu yake ili ukubwa wa maua ujulikane. Wekeni na nyingine ikiwa imening'inizwa kwenye kamba dirishani, maana mwanga unaopita unasema uzito wa kitambaa kuliko maneno yoyote ya tangazo. Kisha andikeni chini ya ile ya binti kwamba kanga imevishwa kwa kompyuta. Nimeshawasikia wanaosema kwamba maneno hayo yatafukuza wateja. Wateja wanaofukuzika ni wale ambao wangerudisha mzigo wiki ijayo na kudai nauli ya basi juu yake.

Kwa mafundi wenzangu ombi ni zito kidogo, kwa kuwa linagharimu. Tuache kuvisha kila kitu shuka moja. Kitambaa cha chini kifanane na kitakacholazwa juu: kwa kanga kitambaa cha pamba chenye uzito wa kanga na wanga wake, kwa kitenge kitenge, kwa poliesta poliesta. Mimi sasa natumia marekani mpya isiyofuliwa, kitambaa kilekile ambacho jina lake linatukumbusha wafanyabiashara wa Marekani waliokileta Unguja katika karne ya 19. Ina umanjano kidogo, lakini ramani inatengenezwa kwa kijivu kwa hiyo umanjano hauna madhara, na lile tabaka la vivuli unaliondolea rangi kwanza. Kwa kanga nyepesi nimetafuta kitambaa chepesi cheupe, nikampiga binti upya, na tofauti inaonekana hata kwenye kioo cha simu.

Nawe, Ndugu Mhariri, gazeti lako lina ukurasa wa mitindo kila wikendi, na mara mbili mwaka huu nimeona humo picha ambazo kwa mikunjo yake nina uhakika zimevishwa kwa njia hii, bila neno lolote chini yake. Mstari mmoja wa maelezo ungetosha.

Picha yangu ya mwaka 2016 niliiondoa kazini mwezi uliopita. Mpya ilinichukua siku nzima, maana marekani ilikuwa ikisimama mbali na mwili, na kila tulipoilaza ikainuka. Muuzaji wa kwanza niliyempelekea kanga iliyovishwa picha hiyo aliitazama akakunja uso, akasema inamnenepesha mwanamitindo, nimrudishie ile ya zamani. Nikamwambia kanga mpya ndivyo inavyokaa, na kama haamini amwite binti wake wa dukani ajifunge. Akamwita, akajifunga, tukasimama watatu tukimtazama yeye na kioo cha kompyuta. Hatimaye aliichukua, akaniomba nimpe na ile picha ya kanga ikiwa imetandikwa mezani, na nilipofungua ukurasa wake jioni nikakuta hiyo ya mezani ndiyo aliyoitanguliza.

Wako,
Fundi wa picha na mabango,
Kariakoo, Dar es Salaam